Mkutano wa Kunyamaza

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu za dada yako, na pole nyingi kabla ya habari nyingine yoyote. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, si umeinama. Tumbo linakusumbua vipi siku hizi? Dawa ulizopewa zinatuliza kweli, au ni za kukuridhisha tu? Na Mama je, anaamkaje? Bado anakubali uji, au ameanza tena ule mtindo wake wa kuuweka shavuni huku anakukazia macho kana kwamba wewe ndiye uliyempoozesha? Mimi mwili ni mzima. Hata nimenenepa, maana hapa chai haikauki. Kilichochafuka ni moyo.

Nakuandikia nikiwa chumbani, mchana kweupe, katika nyumba ya mikutano ambako nimekaa wiki mbili sasa. Wenzangu wako bustanini wanapigana picha. Kila mmoja anataka picha na kila mwenzake, na tumetoka mabara yote, kwa hiyo shughuli hiyo haitaisha leo. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu wewe unanijibu sawa dada, haya dada, nami nakata nikijisifu kwamba nimekusikiliza. Kesho dereva wa shirika anapita huko kwenu, na nimemwomba akukabidhi barua hii mkononi. Isome mpaka mwisho, ndipo uninunie.

Lile ombi lako nililifikisha. Kabla ya kuja huku nilimwendea Mama Mkuu wa shirika letu ofisini kwake, nikamweleza bila kupunguza neno: kwamba una uvimbe tumboni, kwamba daktari amekupangia upasuaji mara mbili na mara zote umeuahirisha kwa kukosa mtu wa kumgeuza Mama kitandani, na kwamba safari hii amekuambia ukiahirisha tena yeye asilaumiwe. Nikaomba ruhusa ya kukaa nyumbani mpaka utakapoweza tena kuinua kitu kizito. Mama Mkuu alinisikiliza kichwa akiwa amekilaza upande, vile anavyowasikiliza wafadhili, akaniambia kwamba jambo hili ni zito na linahitaji kupambanuliwa. Bahati nzuri, akasema, tunakwenda kwenye mkutano wa upambanuzi, basi nilibebe moyoni mpaka huko. Nikalibeba. Ungeona nilivyoinamisha kichwa na kusema asante Mama, ungenisonya.

Neno hilo, kupambanua, yaani kutafuta kwa sala Mungu anataka nini, ndilo tulilokula na kulinywa huku. Masista wa mashirika mengi wameitwa kutoka kila pembe ya dunia ili tuchague kwa pamoja ahadi moja ya haki jamii itakayotubana sote. Kwa lugha yako na yangu, tukae tukubaliane tutawafanyia nini watu wanaoonewa. Ni jambo jema, sikatai. Mtu angedhani tungefika, tukatua mizigo, tukaulizana nani anaonewa wapi na nani kati yetu ana nafasi ya kwenda. Thubutu!

Tulipoingia ukumbini tulikuta katikati pametandikwa kitambaa cha zambarau, na juu yake bakuli la maji, rundo la udongo, mshumaa mnene kama mguu wa meza, na mnyororo uliokatika, ishara ya ukombozi. Mnyororo wenyewe ulikuwa mpya unang'aa, na karatasi ya bei bado imebandikwa. Uliletwa mzima kutoka dukani, kisha akaitwa fundi aukate kwa msumeno ili upate kukatika. Tuliuzunguka taratibu tukiimba, na sista mmoja mbele yangu aliguswa mpaka akalia. Mimi nilikuwa namfikiria yule fundi, akirudi kwake jioni na kumweleza mkewe kazi aliyoitiwa na masista.

Aliyetuongoza ni sista mrefu, mkavu, mtaalamu wa kuendesha mikutano, mwenye sauti ya mtu anayebembeleza mtoto asiyekuwa wake. Mimi na mwenzangu wa chumbani tulimbatiza Mama Kengele. Utaratibu wake ni huu, na uushike vizuri maana utauhitaji mbele. Mtu akitoa wazo kwenye kipaza sauti, hakuna ruhusa ya kumjibu. Kumjibu mwenzako ni ubishi, na ubishi humfukuza Roho. Badala yake Mama Kengele hugonga kikengele chake cha shaba, nasi tunanyamaza. Yeyote ambaye wazo lile linamnyima amani moyoni anatakiwa asimame wakati wa ukimya huo. Kengele ya pili ikigongwa na wote tumekaa, basi wazo limepita, limekuwa la wote, wala halifunguliwi tena. Sasa nani atasimama? Kusimama ni kutangaza mbele ya ukumbi mzima kwamba Roho amemwambia mwenzako hivi, na wewe amekuambia vingine. Sisi tumefundishwa tangu unovisi, kabla hata ya nadhiri, kukaa. Kwa hiyo kila kilichotamkwa kwenye kile kipaza sauti kilipita.

Nikupe mfano ucheke kidogo, kama kucheka hakukuumizi. Siku za mwanzo sista mmoja kijana, mwenye uso wa huzuni, alisimama akasema kwamba viti vyetu vyenye mito vinamtia haya, kwa kuwa maskini wanakaa chini, na kwamba anatamani sisi nasi tungekaa chini. Nadhani alikuwa anaongea tu, vile watu wanavyoongea. Kengele ikagongwa. Kimya. Kengele ya pili, na hakuna aliyesimama, tukajikuta tumekubali. Mama Kengele mwenyewe alitoa macho, lakini afanyeje? Viti vikatolewa nje, na kundi zima la wanawake wenye magoti mabovu na vyuma nyongani likashuka sakafuni likiguna. Kushuka kulikuwa nafuu. Ilipofika saa ya chai hakuna aliyeweza kuinuka, ikabidi waitwe watunza bustani watuvute kwa makwapa mmoja baada ya mwingine, na wale wanaume walikuwa wakiuma midomo ili wasicheke. Wala viti havikurudi kwa akili ya kawaida. Tulikaa sakafuni mpaka akapatikana sista wa kutoa wazo kwamba maskini nao wangefurahi kupata viti. Nalo likapita vilevile, kwa amani tele.

Huyo mwenzangu wa chumbani ndiye peke yake aliyenifaa hapa. Ni sista mzee, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, na nimempa jina la Bibi Soksi kwa sababu anavaa jozi mbili hata kwenye joto. Lugha zetu hazionani, tunaelewana kwa vidole na maneno ya kuokoteza. Kila kengele inapogongwa yeye hufumba macho, hedifoni za kusikilizia wakalimani masikioni, na kulala usingizi wa haki. Watu wanadhani anazama katika sala. Siku moja Mama Kengele alimtaja kama mfano wa utulivu wa ndani, na kila mtu akageuka kumtazama, naye mdomo wazi, mate yanamdondoka kwenye kola. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi kanisani.

Basi tukagawanywa makundi. Kundi la ardhi, kundi la maji, kundi la wakimbizi, na kadhalika. Kundi la watu wasio na makazi lilichelewa kuanza kazi kwa sababu wawili wao walikuwa wamenuniana kuhusu nani apewe chumba chenye bafu lake ndani. Kundi langu liliwekwa chini ya kichwa kisichoeleweka, wanaobeba wengine, na asubuhi nzima ya kwanza tuliimaliza tukivutana kama inafaa tuahidi kusimama pamoja na maskini au kutembea pamoja na maskini. Waliotaka kusimama walisema kutembea kunaweza kumwacha maskini nyuma. Waliotaka kutembea walisema kusimama hakumfikishi mtu popote. Mwisho tukakubaliana kumsindikiza. Hakuna aliyeuliza huyo maskini anakwenda wapi, wala kama anahitaji mtu wa kumshikia mzigo.

Hapa ndipo unapoingia wewe, mdogo wangu, na hapa ndipo nakuomba uvumilie. Ilifika zamu yangu ya kusema jambo linalouma moyo. Nilikuwa nimejiandaa kusema uongo wa kawaida, habari za akina mama wanaotembea mbali kufika zahanati yetu. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimesikiliza ujumbe wako wa sauti, ule ambao katikati yake Mama anaanza kulalamika na wewe unaiweka simu mahali, nasikia unahema, nasikia kitanda kinalia, halafu unarudi kwenye simu unaniomba radhi. Ukaniomba radhi mimi! Basi nikafungua mdomo, yakatoka yote. Niliwaambia unavyojifunga mkanda wa kitambaa kiunoni, unaupitisha chini ya makwapa ya Mama, na kumvuta kifuani kwako ili umgeuze. Niliwaambia uvimbe ulipo. Niliwaambia uliacha kazi ya ushonaji, na kwamba yule mwanaume aliyetaka kukuoa alichoka kungoja. Hukunipa ruhusa ya kuyasema hayo kwa watu, najua. Niliyasema mpaka nikasikia sauti yangu inapendeza.

Walilia kundi zima. Yule sista kijana wa kukaa chini alinishika mikono yote miwili asiniachie. Kabla ya chai ya jioni habari zako zilikuwa zimefika ukumbi mkuu, na kesho yake asubuhi nilikuta ukutani pamebandikwa mchoro mkubwa wa mwanamke amembeba mwanamke mwingine mgongoni, na chini yake maandishi, mdogo wa Sista. Wamekuchora mnene, na umebeba vibaya. Mtu akibeba mgonjwa wa kiharusi namna ile atamvunja bega. Ukaombewa kwa lugha ambazo hujawahi kuzisikia. Uliwashiwa mshumaa. Palitungwa wimbo mfupi wenye kiitikio. Wakaja kunikumbatia kwenye ngazi, kwenye foleni ya chakula, mlangoni mwa choo, wakiniambia wewe ni shujaa na ni uso wa wanawake wengi. Katika wote hao, mdogo wangu, sikumsikia hata mmoja akiuliza upasuaji ni lini na nani atakaa na mgonjwa.

Siku zilizofuata ilionekana wazi kwamba ahadi ya pamoja imepatikana. Maji, ardhi na wakimbizi vyote viliwekwa kando, na mkutano mzima ukakubaliana kwamba masista wa dunia wataahidi kuwasindikiza walezi wasioonekana, yaani wanawake wanaouguza jamaa zao majumbani bila msaada wa mtu. Nikajisemea, ama kweli Mungu ana mizaha yake, lakini ombi letu sasa limepata njia. Nikaenda kumtafuta Mama Mkuu. Kumbe naye alikuwa ananitafuta.

Alinipokea katika kisebule kidogo cha wageni, uso unang'aa, akanikalisha karibu naye kwenye kochi, jambo ambalo hajapata kulifanya. Aliniambia kwamba mashirika yote yameshauriana na kwamba mratibu wa ahadi hii duniani lazima atoke kwetu, na kwamba ni mimi. Nitapewa ofisi. Nitazunguka nchi kwa nchi kuzungumza kuhusu wanawake kama mdogo wangu, maana nina kipaji cha kugusa watu. Safari ya kwanza ni wiki ijayo. Nikamwambia kwamba wiki ijayo Alhamisi ndiyo siku ya mdogo wangu mwenyewe kupasuliwa. Akainamisha kichwa upande. Akasema sasa wewe mdogo wangu una masista wa dunia nzima nyuma yako, na kuniruhusu mimi nikae kitandani kwa mama mmoja kungekuwa kuupunguza wito ambao Mungu ameupanua. Akanikumbusha kwamba sote tuliwaacha wazazi wetu siku tuliyoweka nadhiri. Mwisho akanishauri nimtafute mwanamke wa kumlipa kwa siku, na kama sijui pa kumpata, niombe mwanga.

Sijui kama umewahi kumdharau mtu mpaka ukasikia baridi. Mimi nilisikia baridi. Niliitazama ile mikono yake iliyotulia mapajani, laini, kucha zimekatwa vizuri, nikajua kwamba mikono ile haijawahi kubadilisha shuka lenye mtu juu yake. Nikasema asante Mama. Ndiyo, hata hapo nilisema asante.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya kufunga. Kwa kuwa ushuhuda ulikuwa wangu, nilipangiwa mimi kusoma tamko mbele ya wote. Ukumbi ulijaa, wakalimani wamekaa katika kibanda chao cha kioo, kila mtu amevaa hedifoni, mnyororo uliokatwa kwa msumeno bado uko pale chini kwenye kitambaa. Nilisoma tamko lote. Ni refu, na limejaa kusindikiza. Linasema hatutaruhusu mwanamke yeyote abebe peke yake mzigo uliokusudiwa kubebwa na wengi. Kengele ikagongwa, tukanyamaza, ikagongwa ya pili, tamko likapita. Watu wakajiandaa kuimba. Mimi sikuondoka kwenye kipaza sauti.

Nilisema, kwa sauti ile ile ya kusomea, kwamba nina wazo moja la mwisho. Nikasema mlezi asiyeonekana tuliyemchora ukutani anaonekana vizuri sana na mimi, kwa sababu ni mdogo wangu, na wiki ijayo anapasuliwa tumbo. Ninapendekeza kwamba mkutano huu utekeleze ahadi yake kwa kuanza na mimi: niachwe niende nyumbani nikamuuguze mama yetu mpaka mdogo wangu atakapopona, na uratibu utafutiwe mtu mwingine au ungoje. Nikasema, asiye na amani na jambo hili asimame.

Wakalimani walimaliza kutafsiri, kila lugha kwa wakati wake, nikaona vichwa vinainuka kimoja kimoja mpaka nyuma ya ukumbi. Mama Kengele alikuwa ameshika kikengele chake hewani. Hakuwa na la kufanya, utaratibu ni wake mwenyewe. Akagonga.

Ukimya ule ulikuwa mrefu kuliko mwingine wote tulioupitia. Mama Mkuu alikuwa kiti cha mbele, mbele yangu kabisa. Niliona vidole vyake vinaikamata mikono ya kiti. Niliona mgongo wake unaacha kuegemea. Lakini angesimamaje? Wino wa ile ahadi ulikuwa haujakauka, na masista wa dunia nzima wangemwona anasimama kumzuia mtu asiende kumwosha mama yake mzazi. Sauti pekee iliyosikika ukumbini ilikuwa ya Bibi Soksi anakoroma. Kengele ya pili ikagongwa na Mama Mkuu bado amekaa. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Nusu yao, naapa, walidhani ni sehemu ya ibada, kwamba tumepanga tangu mwanzo kufunga kwa kitendo cha mfano.

Jana hiyo hiyo mchana Mama Mkuu alinikuta kwenye korido ya vyumba. Nilijiandaa kwa maneno makali. Aliniambia tu kwamba dereva wa Jumamosi atanifikisha hadi stendi, na kwamba funguo za duka la dawa la zahanati yetu nimwachie sista wa maabara. Kisha, akiwa anatazama dirishani, akasema kwamba mama yake alifia mikononi mwa mke wa kaka yake, na kwamba yeye wakati huo alikuwa kwenye mkutano. Halafu akaenda zake. Nilimwonea huruma mpaka alipokata kona. Baadaye nikakumbuka kwamba mtu aliyepita njia ile na kujua mwisho wake ndiye aliyetaka kunipitisha humo humo, na ile huruma ikaniishia.

Ungedhani basi nimekaa hapa najipongeza. Bibi Soksi amenipa soksi zake mpya kabisa kama zawadi. Yule sista kijana ameniambia ati mimi ni nabii. Na wewe pia, ukifika hapa utakuwa umeshaanza kulia na kumweleza Mama kwamba dada ametupigania. Kwa hiyo ni lazima nikueleze kilichokuwa moyoni mwangu wakati wa ule ukimya, maana hilo hakuna aliyeliona, na sitaki nije nyumbani nimelivaa kama medali.

Wakati ule kengele ya kwanza ilipogongwa, nilimtazama Mama Mkuu usoni, nikamwomba asimame. Nilimwomba kwa macho, na Mungu nilimwomba kwa maneno. Simama, nilisema moyoni. Simama unizuie. Nilivyoona vidole vyake vinakamata kiti, moyo wangu ulifurahi. Angesimama tu, mimi ningetoka mle ukumbini msafi. Ningekuandikia barua nyingine, nzuri kuliko hii, ya jinsi nilivyosimama mbele ya dunia nikanyimwa, nawe ungenipa pole, ungeahirisha tena, na mimi ningepanda ndege na kitambulisho changu shingoni kwenda kuwaeleza watu habari zako. Naweza hata kukuambia kwamba ofisi ile nilishaitamani. Nilishachagua moyoni nitakapoweka meza.

Mimi ni muuguzi, nimeosha mama za watu wengi mpaka mikono ikachubuka, wala sijawahi kukunja pua. Ila mama yetu namwogopa. Nilipokuja mara ya mwisho ulinipisha nimlishe, ukatoka nje kuanua nguo. Alinitazama kwa lile jicho lake zima, uji unamtoka upande ulioanguka, na mimi niliweka kijiko nikaenda dirishani nikasimama pale mpaka uliporudi. Yule mwanamke aliyekuwa akifokea mtaa mzima na ukanyamaza! Kwa wagonjwa wengine mimi ni Sista, wananiinukia hata wanapoumwa. Katika chumba kile mimi si Sista wa mtu yeyote. Kaka yetu tusimtaje, yeye kazi yake ni kututumia kidole gumba kwenye simu, na nimemdharau kwa hilo miaka yote. Huku nimewadharau masista, na kengele yao, na mnyororo wao, na mikono laini ya Mama Mkuu. Nimeandika kurasa hizi zote kwa dharau hiyo na imeniburudisha, sitakudanganya. Lakini waliokaa vitini mwao jana hawakuniombea mabaya. Aliyetaka usipasuliwe, kwa muda ule wa kengele mbili, ni mimi.

Sasa nisikilize. Nitafika Jumapili, maana kwanza lazima nikabidhi kazi zahanati. Usiniandalie chochote, usitangazie majirani, na usiniache nikae sebuleni kupokea wageni kama askofu. Nifundishe ule mkanda siku hiyo hiyo, unifunge wewe mwenyewe, ujaribu mbele yangu na mimi nijaribu mbele yako. Ukiniona nazungukazunguka jikoni nikisingizia chai, njoo unishike mkono uniingize chumbani, na hata nikikukasirikia usiniachie. Jumatano nakusindikiza hospitali, nakuacha kitandani, narudi kwa Mama. Mwambie daktari kwamba hakuna kuahirisha. Mwambie leo, ukiwa bado umeshika barua hii, usingoje kuniona mlangoni. Ukisubiri unione kwanza nitakuelewa, lakini nakuomba usisubiri.

Mama mwambie nakuja. Ukiona haelewi, mwambie tena. Usimweleze kwamba nimeruhusiwa, wala kwamba nimepigania. Mwambie nakuja, basi. Nisalimie jirani yetu wa cherehani anayekusaidia kubeba maji, na umwambie nitamshukuru kwa mdomo wangu. Dawa ya maumivu kunywa baada ya kula, na usiinue ndoo mpaka nifike. Soksi za Bibi Soksi nitakuletea wewe. Hospitali zina baridi.

Ni mimi dada yako, ambaye hakuna aliyesimama kumzuia.